Kafa Ulaya: Mavazi ya Mnada na Gharama ya Utafiti wa Maradhi

Mto Mirongo huteremka kutoka katika vilima vya majabali vilivyoizunguka Mwanza, ukapenya katikati ya majumba ya mji, hata ukamwaga maji yake ziwani. Kata moja ya mji huo ina jina moja na mto. Mtu atokaye Mirongo akashika njia ya kwenda soko la Mlango Mmoja hana haja ya kuuliza mitumba inauzwa wapi, kwa kuwa sauti za wanadi humfikia kabla macho yake hayajaona kibanda. Mnadi husimama juu ya meza, huinua vazi moja, hulionyesha mbele na nyuma, kisha hutaja bei. Asipoona mkono uliopanda, hupunguza, akapunguza tena, mpaka atokee wa kulichukua. Nguo iliyovaliwa na mtu asiyejulikana haina njia nyingine ya kuipata bei yake.

Wazee waliziita nguo hizi kafa Ulaya. Watu walipoona makoti mazima, yenye vifungo vyote na bitana isiyochanika, hawakusadiki kwamba mtu mwenye akili timamu angeweza kulivua vazi kama hilo akalitoa bure. Wakakata shauri kwamba mwenyewe hana budi awe amekufa. Kwa nguo nyingi hawakupata, lakini hoja yao haikuwa ya kipumbavu, na msomaji ataona mbele kwamba ziko nguo ambazo jina hilo lazifaa neno kwa neno.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mnadani hapo koti la sufu, kwa sababu nilikuwa na safari ya nyanda za juu. Nilipofika nyumbani nikakuta ndani ya mfuko kibandiko cha bei, kimeandikwa kwa Kiingereza, nacho kilikuwa na jina la chama kimoja cha Uingereza kinachochangisha fedha za utafiti wa saratani. Nilikaa na koti lile magotini kwa muda. Nilikuwa nimedhani kwamba nimenunua nguo tu, kumbe nilikuwa nimeshika mkia wa jambo refu.

Kisa chake ni hiki. Huko Uingereza watu hupeleka nguo walizozichoka katika maduka ya hisani, na vyama vikubwa vya utafiti wa tiba, kama kile cha saratani na kile cha maradhi ya moyo, vina mamia ya maduka ya namna hiyo. Nguo isiyopata mnunuzi dukani huuzwa kwa uzani kwa wafanyabiashara wa nguo kuukuu, nao huzichambua, wakazifunga marobota, zikapanda meli. Fedha ya uzani ule huingia katika mfuko wa chama. Lakini robota lingekuwa takataka tupu kama pasingekuwa na mtu ng'ambo ya bahari aliye tayari kulinunua. Kwa hiyo mvuvi wa Igombe au mwalimu wa Nyegezi anunuapo shati mnadani, yeye ndiye anayelipa robota thamani yake. Na nyuma ya mlolongo mrefu wa mikono, sehemu ndogo ya shilingi zake huenda kugharimia utafiti ambao hakupata kuusikia. Hapana anayemshukuru, wala jina lake haliandikwi katika orodha ya wafadhili.

Madhumuni ya insha hii ni kuufuata mlolongo huo hata kwenye ncha yake ya juu, ambako nguo za mtu mmoja mmoja huuzwa kwa bei ya nyumba, na fedha yake, au sehemu yake, ikatolewa kwa ajili ya wagonjwa. Kisha tuteremke tena ziwani, tuulize utafiti wenyewe ulifanywa na nani na kwa fedha gani.

Jioni ya tarehe 6 Septemba 2023, katika nyumba ya minada ya Sotheby's huko London, yaliuzwa mavazi na vitu vya mwimbaji Freddie Mercury. Mtu huyu alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mwana wa wazazi wa Kiparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika mahakama ya serikali ya Kiingereza. Alisomeshwa Bara Hindi, akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, jamaa yake ikahamia Uingereza. Kabla hajapata sifa, yeye na mwenzake Roger Taylor walikuwa na kibanda katika soko la Kensington, London, wakauza nguo kuukuu. Habari hii hutajwa kwa haraka na waandishi wa maisha yake, kana kwamba ni kichekesho cha ujana. Bali mtu wa Mlango Mmoja akiisikia huitikia kwa kichwa, maana anaijua kazi hiyo na vumbi lake.

Mtoto huyu wa Unguja, muuza mitumba, alikuja kuwa bingwa wa kuvaa. Katika safari yake ya mwisho jukwaani, mwaka 1986, alikuwa akitokeza mwishoni mwa onyesho amevaa joho jekundu la mahameli lenye manyoya ya bandia, na taji kichwani lililofuata umbo la taji la kutawazia wafalme wa Uingereza. Mawe ya taji lile yalikuwa vioo. Alilivaa kwa mara ya mwisho huko Knebworth tarehe 9 Agosti 1986. Miaka mitano baadaye, tarehe 23 Novemba 1991, alitangaza kwamba ana UKIMWI, na kesho yake akafariki dunia.

Joho na taji vilikisiwa kupata pauni 60,000 hadi 80,000; vikanunuliwa kwa pauni 635,000. Koti la mtindo wa kijeshi alilovaa katika sherehe ya kutimiza miaka 39, mjini Munich mwaka 1985, likafika pauni 457,200. Bangili ya fedha yenye umbo la nyoka ikapata pauni 698,500, na hata mlango wa bustani yake, uliojaa maandishi ya wapenzi wake, ukauzwa pauni 412,750. Mauzo yote, ya jioni ile na ya siku zilizofuata, yalikaribia pauni milioni 40. Aliyeuza ni Mary Austin, sahibu yake wa siku nyingi aliyerithi nyumba. Naye alikubali kwamba sehemu ya mapato, si yote, iende kwa mifuko miwili ya kupambana na UKIMWI: Mercury Phoenix Trust, ulioanzishwa na wenzake mwaka 1992 baada ya msiba, na ule wa mwimbaji Elton John.

Hebu tuyatazame mambo haya mawili kwa pamoja. Mwanza bei hushuka kwa kuwa mwenye nguo hajulikani. London bei hupanda kwa sababu anajulikana, tena kwa sababu amekufa na hatashona nyingine. Mahameli ni mahameli, na kioo ni kioo; kilichouzwa ni ule uhakika kwamba mwili fulani uliwahi kuwa ndani ya kitambaa kile. Kafa Ulaya, kwa hakika.

Hapa nitoke kidogo njiani. Vitu hivyo visingeweza kunadiwa Unguja kwa heshima hiyo hiyo. Mwaka 2006 sherehe iliyokusudiwa kufanywa Mji Mkongwe kwa kutimia miaka 60 tangu azaliwe iliachwa, baada ya kupingwa na jumuiya ya Uamsho. Nyumba ya kumbukumbu yake ilifunguliwa Shangani mwaka 2019 tu, nayo hutegemea sana wageni watokao nje. Sisemi haya kwa kulaumu upande wowote. Nataka kuonyesha tu kwamba jina lenye thamani ya mamilioni mahali pamoja laweza kuwa zito kulitaja mahali pengine, na kwamba mfuko wa wagonjwa unaotegemea jina hutegemea pia jina hilo linavyopokewa.

Desturi ya kunadi mavazi ya watu mashuhuri kwa ajili ya tiba haikuanza na Mercury. Mnada uliotia fora ulifanywa New York, katika nyumba ya Christie's, tarehe 25 Juni 1997, ambapo ziliuzwa gauni 79 za Diana, aliyekuwa mke wa mwana wa mfalme wa Uingereza. Wazo lilitoka kwa mwanawe, William. Gauni zile zilikuwa za dhifa na karamu za serikali, nyingine zimevaliwa mara moja au mbili tu. Zilipata zaidi ya dola milioni 3.2 kwa ajili ya mfuko wa saratani wa hospitali ya Royal Marsden na mfuko wa UKIMWI. Gauni moja la mahameli ya buluu iliyokolea, alilolivaa mwaka 1985 alipocheza dansi katika ikulu ya Marekani, lilipata peke yake dola 222,500. Miezi miwili baadaye Diana mwenyewe akafa katika ajali huko Paris, na tangu hapo bei ya kila alichokivaa ikawa inapanda. Ila safari hizo faida ilikuwa ya waliokwisha kuzinunua.

Tarakimu hiyo ya dola 222,500 naomba msomaji aiweke akilini, kwa maana tutaihitaji.

Sasa turudi ziwani. Maradhi yaliyomwua Mercury yalitambuliwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1983, kwa wagonjwa watatu katika hospitali ya Ndolage, Kagera, ng'ambo ya magharibi ya ziwa hili hili. Yalikuwa hayana jina. Watu wa Kagera wakayapa jina, wakayaita Juliana. Juliana ilikuwa nguo. Ilikuwa aina ya nguo iliyopendwa sana siku zile, ikaletwa na wafanyabiashara wa magendo waliovuka mpaka wa Uganda baada ya vita vya 1978 na 1979, wakati maduka ya nchi yetu yalipokuwa matupu. Ilisemekana kwamba wanawake waliokosa fedha ya kuilipia waliilipia kwa miili yao, na kwamba waliokuja kukonda na kufa ni wale waliowahi kuivaa. Profesa Aldin Mutembei wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye amechunguza namna ushairi wa Wahaya ulivyoyataja maradhi haya, ametufundisha kutoyapuuza majina ya namna hii: jamii iliyokosa elimu ya kirusi ilikuwa na elimu ya biashara, nayo ikaitumia.

Kwangu mimi jina hilo lina uzito kuliko yote niliyoyasema juu ya Sotheby's. Tangu enzi za misafara, wakati merikani na kaniki zilipokuwa ndizo fedha za njiani hata kufika ziwani, nguo imekuwa hapa kipimo cha thamani ya vitu na, kwa bahati mbaya, ya watu. Juliana ilipanda bei kwa kuwa haikupatikana, na mwenye kuitaka alilipa kwa alichokuwa nacho. Tuseme basi kwamba mnada wa kwanza wa mavazi katika historia ya UKIMWI haukufanywa New York wala London. Ulifanywa vichochoroni Kagera, bila nyundo, na faida yake haikwenda kwa mgonjwa yeyote.

Mwanza haikuwa ngeni katika utafiti. Tangu miaka ya mwisho ya 1940 palikuwa na wachunguzi wa matende na kichocho mjini hapa, nao wakaja kuwa taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki yote. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kazi ile ikabaki mikononi mwa taifa, na kwa sheria ya mwaka 1979 ikawekwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kituo cha Mwanza hakikufungua milango yake kwa sababu ya mtu mashuhuri yeyote.

Ni kituo hicho, pamoja na AMREF na wataalamu wa chuo cha tiba ya nchi za joto cha London, kilichoanza mwaka 1991, mwaka wa kufa kwake Mercury, utafiti uliokuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Mwanza. Swali lilikuwa jepesi: je, magonjwa mengine ya zinaa yakitibiwa vema katika zahanati za kawaida, maambukizo ya virusi vya UKIMWI yatapungua? Zilichaguliwa jamii kumi na mbili za mkoa huo, mbili mbili zinazofanana, nyingine za pwani ya ziwa, nyingine za visiwani, nyingine za kandokando ya barabara kuu, nyingine za mashambani. Sita kati yake waganga wa zahanati walifundishwa, dawa zikahakikishwa kuwapo, na wasimamizi wakapita mara kwa mara. Sita zilingoja hadi utafiti umalizike. Watu wazima wapatao elfu kumi na mbili walikubali kuhojiwa na kutolewa damu, kisha baada ya miaka miwili wakatolewa tena.

Jawabu lilichapishwa mwaka 1995. Katika jamii zilizopata huduma, watu 1.2 katika kila mia waliambukizwa katika miaka miwili. Katika zile zilizongoja, 1.9. Maambukizo yalikuwa yamepungua kwa karibu sehemu mbili kati ya tano. Halikutumika dawa jipya hata moja. Fedha ilikuwa kwa sehemu kubwa ya umma, ya walipa kodi wa Ulaya, na damu ilikuwa ya watu wa ziwani.

Mwaka 1997, mwaka ule ule wa gauni za Diana, wachumi wakachapisha hesabu ya gharama. Huduma yenyewe, kwa eneo lenye watu kama 150,000, iligharimu dola 59,060 kwa mwaka, yaani senti 39 za dola kwa kila mtu. Kumwepusha mtu mmoja na maambukizo kuligharimu kama dola 218. Sasa tuitwae ile tarakimu niliyoomba iwekwe akilini. Gauni moja la mahameli ya buluu lingeiendesha huduma ile kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu, au lingewaepusha watu zaidi ya elfu moja. Gauni zote 79 zingeiendesha kwa zaidi ya miaka 50.

Hii ni hesabu ya karatasini, nami sitaki itumike kuwashutumu wagonjwa wa Royal Marsden, ambao walikuwa na haki yao. Wala sioni kosa la mtu kuuza gauni lake. Wako waliouza mabaya zaidi. Kinachonisumbua ni namna fedha inavyochagua njia. Nguo yenye jina hukusanya kwa usiku mmoja kiasi ambacho zahanati hailijui, kisha husita, kwa sababu gauni haliuzwi kwa hisani mara mbili. Utafiti, kwa tabia yake, ni kinyume cha hapo: huhitaji fedha kidogo kidogo kwa miaka mingi, wala hauwezi kumwahidi mfadhili kwamba atapata jawabu la kupigiwa makofi.

Ushahidi wa jambo hili upo hapa hapa. Miaka minne baada ya sifa za Mwanza, utafiti wa Rakai, Uganda, ambako watu wote wa kijiji walipewa dawa za magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi kadhaa, ulitoa jawabu kwamba maambukizo hayakupungua. Wataalamu walibishana kwa miaka. Wengi walikuja kuona kwamba Rakai maradhi yalikuwa yameshaenea kwa kiasi kikubwa zaidi, hata kutibu magonjwa mengine kukawa hakuna nguvu kama ile ya Mwanza. Kisha mwaka 2008 wachunguzi wa Mwanza wenyewe walitangaza kwamba dawa ya kutuliza malengelenge ya sehemu za siri, waliyopewa wanawake wafanyao kazi katika baa na nyumba za kulala wageni, haikuwakinga na virusi vya UKIMWI. Wanawake wale walikuwa wamemeza vidonge kwa miezi mingi ili sisi tupate kujua kwamba havisaidii. Elimu hiyo ni ya kweli na ni ya lazima, kwa kuwa iliwazuia wengine wasiifuate njia isiyofika. Lakini ni nani atakayenadi joho kwa ajili ya jawabu la hapana?

Wala mifuko ya watu mashuhuri haigharimii maabara kwa sehemu kubwa. Ule wa Mercury hugharimia zaidi mafunzo ya kuwaelimisha vijana na jamii, kazi njema ambayo hapana anayeidharau. Ni sisi wasomaji wa magazeti tunaochanganya: tukisikia kwamba vazi limenadiwa kwa ajili ya UKIMWI twadhani kwamba kwa jioni ile dawa imekaribia. Mtafiti wa Mwanza aliyejaza daftari lake katika kisiwa kisicho na umeme hakuwa katika ukumbi ule, wala wale elfu kumi na mbili waliokunja mikono ya mashati yao ili sindano ipite. Shati la mmoja wao likifika leo juu ya meza ya mnada, mnadi ataanza na bei ndogo, kisha ataishusha.

Koti langu la sufu ninalo hadi leo. Limekwisha kufika Mbeya na Iringa, na kiwiko kimoja kimetiwa kiraka. Kibandiko sikukitoa mfukoni. Kinasema pauni 6 na senti 50, na bei hiyo imekatwa kwa kalamu nyekundu, bila shaka siku walipokata tamaa ya kuliuza huko. Mimi nililipata kwa shilingi 7,000. Mnadi alikuwa ameanza na 12,000.